Furaha, kuhusu yule ndege wa chini ya gari

Bukavu, Jumapili usiku

Furaha ndugu yangu,

Pokea salamu zetu, za mama, za wadogo zangu, na za wale wamama wa soko la Nyawera wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu la Kivu, ambao mpaka leo wananiuliza ulishazaa wangapi huko Cape Town. Sisi tuko. Mambo ya hapa unayafuata mwenyewe ku redio na ku simu, siyarudilii, nitakuandikia siku ingine nikiwa na nguvu ya kuyaandika. Leo nataka tuongee ndege. Ndiyo, ndege, wale pengwini wako wa Simon's Town, hapo karibu na Cape Town.

Ile video nimeiangalia mpaka megabaiti zangu za wiki zimeishia humo. Inaanza weye unacheka, mtoto anasema mama angalia, kisha simu inashuka chini ya ile gari nyeupe na pale kando ya gurudumu kuna pengwini amesimama wima kama mzee anayengoja kuitwa ndani, tumbo jeupe lenye vidoa vidoa, mstari mweusi umepinda kama upinde kifuani, na juu ya jicho kale kangozi ka rozi. Halafu anainua kichwa, anafungua mdomo, kifua kinaanza kupanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi, na inatoka sauti ya punda. Punda kabisa. Mama alikuwa ku jikoni akapiga kelele: "Nani analeta punda mu nyumba?" Nikamwonyesha, akakaa ku kiti na mikono yake yenye unga, akaangalia mara tatu bila kusema kitu, na unamjua mama, kunyamaza si kazi yake.

Chini ya video ukaandika "hawa ndege wanafurahisha, wako wengi sana hapa." Ni hilo neno "wengi" limenifanya nikae kuandika.

Unawaona wengi juu wamejazana pahali pamoja Furaha. Hapo ku ufuko wa Boulders mlipokuwa, mwaka 1982 kulikuwa jozi mbili tu, zikakaa katikati ya yale majabali karibu na nyumba za watu, zikazaa, wengine wakaja, ndiyo maana leo mnawakuta mpaka chini ya magari. Lakini ukihesabu wote, na hao ni wa Afrika yetu kabisa, wanazaa Afrika Kusini na Namibia tu na hakuna kwingine, mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa zaidi ya milioni moja na leo jozi zinazozaa hazifiki 10,000. Mwaka 2024 wataalamu wa IUCN, wale wanaopanga orodha ya viumbe vinavyoisha, waliwaweka ku ngazi ya hatari kubwa kabisa, ile ambayo ikipita hakuna tena pengwini wa Afrika porini. Aina za pengwini duniani ziko 18 na hao wa kwenu ndio wa kwanza kufika ku ngazi hiyo. Wanafunzi wangu wa biolojia nikiwaambia hawaamini, wao pengwini ni yule wa ku barafu anayetembea kama mtoto aliyevaa viatu vya baba, na hapo bado hatujaanza mabishano ya Kifaransa, kama ni pingouin ao manchot. Ni manchot, lakini tuache.

Sasa nikueleze kitu ambacho ukirudi pale utakiona kwa macho yako, na ukishakijua hautaangalia tena ile video ukicheka namna ile.

Wale ndege wanaishi kwa zamu. Maisha yao yote ni zamu. Dume na jike wakishachaguana wengi wao wanabakia pamoja mwaka kwa mwaka, na wanarudi ku kiota kilekile, shimo dogo la mchangani ao chini ya kichaka. Jike anataga mayai mawili. Mmoja analalia, mwingine anaenda baharini kula, kisha anarudi wanabadilishana, na hiyo inaendelea siku kama 40. Watoto wakitoka ni vilevile, mmoja anabaki kuwafunika juu ya baridi na jua na yale makunguru ya bahari yanayoiba vifaranga, mwingine anaingia majini asubuhi, anazamia, anajaza tumbo, anarudi jioni kuwatapikia watoto samaki mdomoni. Kesho wanabadilishana. Hakuna wa tatu wa kusaidia, wako wawili tu, na kama mmoja hajarudi, yule wa ku kiota anakaa na njaa anaangalia maji.

Na ile sauti ya punda ndiyo inayoshika hiyo nyumba. Wakati mmoja anarudi jioni kati ya mamia ya ndege wenye nguo moja, anaita, na wa kwake anamjibu, wanajuana ku sauti. Tena si sauti tu, vile vidoa vyeusi vya kifuani kila mmoja ana vyake kama sisi na alama za vidole, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kama wanatumia vidoa hivyo kumtambua mwenzao. Hebu simamisha video pale sekunde kabla hajafungua mdomo, uvihesabu. Miye nimehesabu tisa, kimoja kiko peke yake karibu na kwapa la kushoto.

Watoto wakikua kidogo wazazi wote wawili wanaenda kuvua, na wale vifaranga wanakusanyika pamoja na wa majirani, wamesongana, manyoya ya kahawia kama sweta ya mtumba, wanangoja. Mzazi akifika anaita wa kwake, wa kwake anatoka mbio.

Nilipomsomea mama hapo, ndipo akafungua mdomo. Akasema: "Bale ndege banaishi sawa sisi na baba yako."

Unakumbuka baba alikuwa anavua sambaza, ile mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, wavu katikati, wanaondoka jioni wakiimba. Kumbe mama usiku alikuwa anatoka nje, kule kwetu ku mlima, anahesabu taa ku ziwa. Hakutuambia hata siku moja, nimelisikia juzi, mwanamke wa miaka 67 ananiambia kama kila usiku alikuwa anahesabu taa na alikuwa anajua ya baba ni ipi juu ilikuwa na rangi ya manjano zaidi. Wakati sambaza zilikuwa karibu, alfajiri baba yuko mu nyumba, mama anashuka na beseni ku soko, sisi tunabaki na baba amelala. Zamu ndiyo hiyo. Halafu ikaja ile miaka sambaza zilipungua, wakaanza kwenda mbali, upande wa kisiwa cha Idjwi, saa ingine anarudi saa sita mchana, saa ingine kesho yake, na mama anasimama pale mlangoni na beseni tupu anashindwa: aende kutafuta chakula atuache peke yetu, ao abaki na sisi tukae na njaa. Alisema: "Nilikuwa nakata shauri kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa nakosea." Hapo nikaacha kusoma, tukakaa tu.

Kwa hiyo ukiniuliza nini kinawaua pengwini wa Cape, miye nakujibu ni hicho. Samaki wako mbali, zamu inakatika.

Wao wanakula sardini na anchovi. Na sardini, wacha nikuambie hii ambayo ilinishangaza miye mwenyewe mwalimu, ni wa jamaa moja na sambaza zetu, zile zilizotolewa Tanganyika zikaletwa Kivu mwaka 1959. Ndugu wa damu, wa maji ya chumvi na wa maji ya ziwa. Pengwini mwenye watoto hawezi kwenda mbali, anatafuta mu kilomita chache kuzunguka kisiwa juu lazima jioni arudi. Sasa meli kubwa zinakuja na nyavu za kuzungusha palepale karibu na visiwa, sardini inaenda mu makopo, anchovi nyingi inasagwa inakuwa unga wa kulisha kuku na samaki wa kufugwa. Tena juu ya hiyo, bahari yenyewe imebadilika, joto la maji na chumvi yake, sardini wakahamisha mazalio yao kutoka magharibi kuelekea kusini na mashariki, na ndege wamebakia ku visiwa vya magharibi, Dassen, Robben, juu pengwini hahami kirahisi, anarudi alipozaliwa. Na vijana wao ndio wananiumiza zaidi. Kijana wa pengwini akitoka nyumbani mara ya kwanza hakuna anayemfundisha, anafuata alama za zamani ambazo ziko mu damu yake, maji ya baridi, vijimea vingi vya baharini, zile alama ambazo tangu zamani zilikuwa zinasema hapa kuna samaki. Anafuata, anafika, alama ziko, samaki hawapo. Wengi wanafia pale.

Kisha kuna manyoya. Hii soma polepole. Kila mwaka pengwini anabadilisha manyoya yote kwa mara moja, wiki kama tatu, na mu zile wiki tatu hawezi kuingia majini, maji yanapenya, atakufa baridi. Kwa hiyo lazima anenepe mbele, asimame ufukweni anafunga kula mpaka manyoya mapya yatoke, kisha akimbilie bahari kujaza mwili uliokonda. Kama mbele hakupata samaki, anakufa amesimama. Kama nyuma hakupata, anakufa akitafuta. Watafiti walihesabu ku Dassen na Robben peke yake, kati ya 2004 na 2011 wakati sardini iliporomoka, pengwini kama 62,000 walipotea, na sababu kubwa ni hiyo, njaa ya wakati wa manyoya. Hakuna mutu aliwapiga jiwe. Na saa ingine wakati wa manyoya unafika watoto bado wadogo ku kiota, mzazi mwili unamlazimisha, anawaacha. Kuna watu wa shirika linaitwa SANCCOB, liko hapo kwenu Cape Town, wanapita wanaokota hao walioachwa na mayai pia, wanawalea kwa mkono, samaki mmoja mmoja, mpaka wanawarudisha baharini.

Mambo mengine ni mengi, nayapita haraka. Zamani walikuwa wanachimba viota mu mavi yao yaliyokauka mita na mita, watu wakaja wakayakwangua yote wakauza mbolea, ndiyo maana leo wengine wanatagia juani na mayai yanaivia hapo, na wanawawekea vijumba vya kutengenezwa. Mayai yao watu waliyakusanya kula mpaka miaka ya 1960. Homa ya ndege ilishafika. Upande wa mashariki kuna kisiwa cha St Croix, kilikuwa ndicho chenye pengwini wengi kuliko pote, tangu 2016 meli zikaanza kupakiana mafuta mu ghuba ile, kelele chini ya maji usiku na mchana, ndege wakapungua vibaya sana. Na hapo hapo Simon's Town, mwezi wa tisa 2021, walikuta pengwini 63 wamekufa kwa siku moja, hakuna jeraha, walipochunguza wakakuta miiba ya nyuki kuzunguka macho. Nyuki! Mwili wote manyoya mazito, wakachomwa pale penye ngozi, ku macho. Wakati mko wachache hata nyuki wanaweza kuwapunguza.

Lakini kuna hadithi moja siwezi kuipita haraka, na hii ningetaka uwasomee watoto.

Mwezi wa sita mwaka 2000 meli moja yenye kubeba madini ya chuma, jina lake Treasure, ilizama kati ya kisiwa cha Dassen na cha Robben, mafuta yake yakamwagika wakati ndege wamejaa wanazaa. Pengwini akishapakwa mafuta manyoya hayamkingi tena, anaganda, na akijisafisha kwa mdomo anakunywa sumu. Ndege kama 19,000 walikuwa wameshapakwa. Wakaja watu maelfu wa kujitolea, kutoka mitaani na kutoka nchi nyingi, wakawaosha mmoja mmoja kwa sabuni na brosi ya meno, na hawa ndege wanauma kweli, mdomo wao ni kisu. Lakini walikuwepo wengine 19,500 ambao bado ni wasafi, na mafuta yanawakaribia. Wafanye nini? Wakawakamata, wakawapakia mu malori, wakawapeleka mpaka Port Elizabeth, kilomita kama 800, wakawaachilia baharini. Hesabu yao ilikuwa hivi: hawa watarudi nyumbani tu, lakini kwa kuogelea watachukua siku, na mu siku hizo sisi tunasafisha ufuko. Watatu waliwafunga vyombo mgongoni vya kufuatwa na setelaiti, wakawaita Peter, Pamela na Percy, na watu wakawa wanaangalia ku ramani kila siku, wamefika wapi, wamekunja kona, wako karibu. Na walirudi! Hakuna aliyewaonyesha njia, wakazunguka ncha ya Afrika kwa mabawa yao, wakapanda ku kisiwa chao wakaanza kuita.

Sisi watu wa huku tunajua kubebwa ku lori usiku bila kuulizwa, na tunajua kurudi. Niliwasomea wanafunzi hiyo hadithi, darasa lilinyamaza, kisha mvulana mmoja wa nyuma akauliza: "Madamu, walikuta nyumba zao?" Wengi walikuta.

Ninawaza pia wale wa barafu, pengwini emperor wa Antaktika, ambao baba ndiye anashika yai juu ya miguu yake miezi kama miwili giza la baridi bila kula, na wanasongamana mamia kwa mamia, wanasogea hatua ndogondogo ili aliyekuwa nje ku upepo aingie ndani na aliyekuwa ndani atoke. Zamu tena, unaona. Barafu waliyozoea kulelea watoto inavunjika mapema sasa, mwaka 2022 upande mmoja wa Antaktika koloni, yaani makundi yanayozaa pahali pamoja, nne kati ya tano zilipoteza watoto karibu wote, maji yaliwafungukia chini ya miguu kabla manyoya ya kuogelea hayajatoka. Hiyo nitakuandikia vizuri siku yake.

Usifikiri hakuna linalofanyika. Mashirika mawili, SANCCOB na BirdLife, yaliipeleka serikali mahakamani juu mipaka ya kuzuia uvuvi kuzunguka visiwa ilikuwa imepangwa vibaya, haikulinda vizuri mahali pengwini wanapovua, na mwezi wa tatu 2025 mahakama ya Pretoria ikapitisha makubaliano ya mipaka mipya kuzunguka koloni sita, wenye meli nao wakakubali. Wavuvi wana watoto pia, baba alikuwa mvuvi, na mwishoni hata yeye alivua na vyandarua vya mbu vinavyokamata mpaka vitoto vya sambaza, alijua na alilia akijua. Majirani zetu wa Rwanda kila mwaka wanafunga ziwa kama miezi miwili samaki wazae, na linapofunguliwa unaona tofauti ku beseni za wamama. Kwa hiyo wakisema huko wafunge kilomita kadhaa kuzunguka visiwa, miye naona ni jambo linalowezekana, nimeona.

Sasa ninakuomba. Ukirudi, enda siku ya kazi kama unaweza, Jumapili watu ni wengi mno. Watoto wasiwashike wala wasiwakimbize, ndege anayekimbizwa anaacha yai, na yale mayai mawili ndiyo mwaka wake wote. Mkiingia ku gari angalieni chini kwanza kabla ya kuwasha moto. Kama mnaona mmoja amesimama pekee manyoya yanatoka ovyo kama mto wa kulalia uliopasuka, huyo si mgonjwa, yuko mu zile wiki tatu, mpite mbali. Na ukae mpaka jioni. Saa wanaporudi kutoka baharini, panapoanza kuitana, washa simu urekodi sauti tu, hata bila video, dakika tano, unitumie usiku megabaiti zikiwa za bei ndogo. Nataka darasa langu wafunge macho wasikilize. Nataka na mama asikilize.

Juu mama bado hajamaliza na yule wa chini ya gari. Jana anatwanga sombe akasimamisha mchi, akaniuliza: "Ule alikuwa anaita, mwenzake alimujibu?" Nikamwambia video inakatika pale. Akasema mwandikie Furaha, umuulize.

Basi ndiyo nimekuuliza.

Wako wa tangu darasa la tatu,
Nsimire